Simu ilitetemeka chini ya kanzu

BARUA

Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa kanisa katika mojawapo ya makanisa madogo ya huku Bwera, wilaya ya Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe, wa kuingia Congo. Mchungaji wetu wa parokia ana makanisa tisa ya kuyazungukia, kwa hiyo kwetu hufika mara moja kwa mwezi kutoa Meza ya Bwana, na Jumapili nyingine zote ibada naiongoza mimi, kwa Lukonzo, lugha ya huku, na kwa Kiswahili, kwa kuwa robo ya waumini wetu ni ndugu waliovuka kutoka Kasindi na Beni kwa sababu ya vita. Kazi hii niliianza mwaka 2014 na sikuwahi kuitafuta. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata shambani nikipalilia kahawa, akaniambia kwamba wameniombea kwa majuma matatu na jina langu haliondoki mioyoni mwao. Niliweka jembe chini nikalia. Tangu siku ile sikuwa na shaka kwamba aliyeniita ni Mungu, na ninakuandikia kwa sababu sasa shaka hiyo ninayo.

Shida yangu ya kwanza ni fedha. Kanisa hunipa shilingi 60,000 kwa mwezi pale sadaka inaporuhusu, na katika miezi kumi iliyopita iliruhusu mara nne. Nina watoto wanne, wawili wako sekondari, na mwaka jana kijana wangu mkubwa alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Sehemu ya shamba la kahawa niliiuza mke wangu alipougua. Basi miaka miwili iliyopita nilianza biashara ya mafuta ya mawese: nayanunua upande wa Congo, navusha madumu kwa pikipiki, nauza kwa jumla sokoni. Biashara imekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na karo ya muhula huu nimeilipa yote, jambo ninalolisema kwa shukrani.

Lakini biashara haina saa. Nimo katika makundi sita ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka, bei hubadilika asubuhi na jioni, na usiku hunikuta saa saba bado macho yako kwenye simu. Mwezi uliopita, nikisoma Zaburi ya 121 mbele ya waumini, simu ilitetemeka mfukoni chini ya kanzu, na nilipofika kwenye maneno "Msaada wangu u katika Bwana" nilikuwa tayari nimekwisha kupiga hesabu ya faida ya madumu 12. Mahubiri siku hizi nayatafuta Jumapili asubuhi nikinyoa ndevu. Ziara za wagonjwa nazo zimepungua. Kuna bibi mjane aliyemtuma mjukuu wake mara tatu niende nikamsomee Neno, nikawa naahirisha, akafariki Alhamisi moja nikiwa Kasindi, na mjukuu akaniambia kwamba bibi alisema nisisumbuliwe tena, nina kazi. Nikiri pia kwamba mara mbili nimepitisha madumu usiku kwa njia za panya ili kukwepa ushuru, na kwa kuwa somo la Jumapili iliyofuata lilikuwa habari za Zakayo mtoza ushuru, nilimwomba mzee mwingine ahubiri, nikasingizia mafua.

Sasa mdogo wangu aliyeko Kampala amenitafutia kazi ya ulinzi Dubai kwa miaka miwili. Wakala anataka shilingi 3,000,000, na mdogo wangu anashauri niuze kiwanja. Mke wangu anasema niende. Mama yangu anasema wito wa Mungu haurudishwi dukani. Wazee wawili wa kanisa wanasema niache biashara kabisa nimtumaini Mungu, ingawa wao wenyewe wana maduka.

Baba, nimechoka na shida. Makanisa yalipofungwa Machi 2020 nilitembea nyumba hadi nyumba, nikisali na watu watatu wanne uani. Mei ya mwaka huo huo mito ya Kasese ilifurika, tukawapokea watu waliopoteza kila kitu. Juni 2023 waasi walipoivamia shule ya sekondari hapa mpakani usiku na kuwaua wanafunzi, niliongoza maziko mawili kwa siku moja, na sauti ikanikatika kwenye lile la pili. Mtu hubeba mangapi? Nauliza kama shida hizi zote si njia ya Mungu ya kuniambia kwamba mlango huu ameufunga na anafungua mwingine.

Mwalimu wa Kanisa, Bwera


JIBU

Mwalimu mpendwa, asifiwe sana.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara nimekwama mahali pamoja. Karo, posho, Dubai na wazee wenye maduka umevieleza kwa kirefu; bibi mjane umempa sentensi moja, tena umeisukumia katikati ya makundi ya WhatsApp na ushuru wa forodha, kana kwamba ulitumaini niipite. Siwezi kuipita. Nadhani ndiyo iliyokufanya ushike kalamu, na mengine yote yalikuja kuisindikiza.

Bibi yule hakukulaumu, na hapo ndipo penye uchungu. Alisema usisumbuliwe, una kazi. Huku kwetu maneno hayo husemwa juu ya mkuu wa wilaya, juu ya mbunge, juu ya daktari mwenye foleni mlangoni. Mjane wa kijijini anapoyasema juu ya mwalimu wa kanisa lake, amekwisha kumtoa katika orodha ya watu wake na kumweka katika orodha ya wakubwa wasiofikika, na amefanya hivyo kwa heshima, bila kinyongo, akiwa amelala kitandani anasubiri kufa. Wewe ulikuwa ukivaa kanzu kila Jumapili kama kawaida. Hakuna mtu aliyekuandikia barua ya kukuachisha kazi, lakini kwa nyumba ile ulikuwa umekwisha kuondoka kabla mdogo wako hajalitaja jina la Dubai.

Sitaki kukuumiza bure. Naanza na hilo kwa sababu linajibu swali lako la mwisho. Umeuliza kama Mungu ameufunga mlango. Mlango huo unaosema umefungwa, mtoto mmoja alikuja akaubisha mara tatu.

Sasa tazama upya mambo uliyoyahesabu kuwa ndiyo yaliyokuchosha. Machi 2020 serikali ilipofunga makanisa, ungeweza kukaa nyumbani bila mtu kukunyoshea kidole, nawe ukatembea. Mafuriko yalipokuja ulipokea watu. Juni 2023, katika msiba ambao hata sisi tuliokuwa mbali hatukujua tuseme nini, ulisimama kwenye makaburi mawili kwa siku moja. Nimetafuta katika aya hiyo sentensi inayosema kwamba wakati ule ulijiuliza kama umeitwa, nikaikosa. Kauli ya kwamba shaka unayo imo katika barua ile ile unayonieleza kwamba karo imelipwa yote. Naamini kwamba umechoka, na nitairudia habari ya uchovu, lakini ukweli wa barua yako mwenyewe ni kwamba dhiki haikuutikisa wito wako. Kilichoutikisa ni kitu kidogo zaidi, chenye faida, kinachotetemeka mfukoni.

Sisi Wakristo wa Uganda tumelelewa na habari za mashahidi wa Namugongo. Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni tunawakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na wapo mahujaji wanaotoka huko kwenu Kasese kwa miguu, zaidi ya kilomita 300, ili wafike siku hiyo. Tarehe 16 Februari tunamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977. Kumbukumbu hizo ni hazina yetu na simpunguzii mtu thamani yake. Lakini nadhani zimetufanya tutazamie kwamba imani ya mtu itajaribiwa siku moja kubwa, mbele ya mfalme mwenye hasira, naye atajibu ndiyo au hapana watu wote wakisikia. Kwa hiyo tunakesha tukimngojea simba, na panya wanamaliza mahindi ghalani. Paulo alipomwandikia Timotheo kwamba Dema, msaidizi wake, amemwacha, hakusema aliogopa jela wala upanga. Alisema aliupenda ulimwengu huu wa sasa, akasafiri kwenda Thesalonike. Biblia haituambii Dema alikwenda kufanya nini huko. Sina hakika kwamba yeye mwenyewe alijiona amemwacha Kristo. Labda alijiona amepata nafasi.

Wala usinielewe vibaya kuhusu mawese. Hapa natofautiana waziwazi na wale wazee wawili. Mzee mwenye duka anayemwambia mwalimu wake aache biashara na kumtumaini Mungu angefunga duka lake juma moja, tumtumaini Mungu pamoja naye tuone itakuwaje. Neno linasema kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, na kijana wako aliyerudishwa na karo ni wa nyumbani mwako. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila na wala hakuomba radhi kwa jambo hilo.

Mfano ulio karibu nawe zaidi, hata hivyo, ni wa Apolo Kivebulaya, na nitaukalia kidogo kwa sababu huwa tunaukumbuka nusu. Alikuwa Mganda aliyewahi kuwa askari, akabatizwa mwaka 1895, akatumwa Toro, magharibi mwa Uganda, kuwa mwalimu kama wewe, na mwaka 1896 akauvuka mto Semliki hadi Mboga, ambayo leo iko Congo. Chifu wa huko, Tabaro, hakuyapenda mafundisho yake, na inasimuliwa kwamba watu walikatazwa kumpa chakula. Kisha dada wa chifu akafa kwa ajali ya mkuki, Apolo akasingiziwa kifo hicho, akafungwa minyororo, akapelekwa Toro, akapigwa na kutiwa gerezani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba humo gerezani Kristo alimtokea akamtia moyo. Alipoachiliwa alirudi Mboga ile ile, na baadaye Tabaro naye akabatizwa. Apolo alifariki Mei 1933 akazikwa huko huko Mboga, na hadi leo husimuliwa kwamba aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijafika.

Wahubiri hupenda minyororo na maono. Mimi, kadiri ninavyozeeka, nalipenda zaidi jembe. Mtu aliyenyimwa chakula alilima shamba lake, na kwa kulima akaweza kubaki. Jembe la Apolo lilikuwa la kumweka Mboga. Nawe ulipoitwa ulikuwa na jembe mkononi, yule mzee alikukuta kwenye kahawa, na Mungu alijua kabisa kwamba una shamba, una mke na utakuwa na watoto wanne. Kwa hiyo swali la kuliuliza dumu la mawese ni hilo tu: je, linakuweka Bwera, au linakutoa Bwera huku mwili wako ukibaki pale? Kwa miezi kadhaa ya kwanza naamini lilikuweka. Siku ulipokuwa madhabahuni na hesabu ikaisha kabla ya mstari wa pili wa zaburi, lilikuwa limeanza kukutoa.

Nasema haya kama mtu aliyewahi kushikwa. Nilipokuwa mchungaji kijana nilifuga kuku 200 wa mayai, kwa sababu zile zile zako. Jumamosi moja nilikuwa nikifundisha darasa la ubatizo chini ya mwembe, mnunuzi akafika na pikipiki, nikawaambia watoto narudi sasa hivi. Trei zikahesabiwa, mabishano ya bei yakawa marefu, chai ikaletwa. Nilirudi baada ya saa moja na nusu. Chini ya mwembe alibaki mtoto mmoja tu, amelala, shavu lake liko juu ya kitabu cha katekisimu, na mate yamelowesha ukurasa. Kuku sikuwauza, watoto wangu pia walikuwa wakisoma kwa mayai hayo. Lakini tangu Jumatatu iliyofuata wanunuzi wote waliambiwa kwamba mayai yanauzwa Jumatatu na Alhamisi, na aliyefika siku nyingine alijibiwa na mke wangu kwa upole kwamba hakuna bei. Wawili walihama. Wengine walizoea ndani ya mwezi.

Kwa hiyo nakushauri uipe biashara siku zake na kanisa siku zake, na uzitangaze zote mbili, kwa sababu siku isiyotangazwa huliwa. Siku za gulio ziwe za mawese tangu alfajiri hadi jioni, bila hatia yoyote moyoni. Alasiri mbili katika juma, utakazozichagua na kuzisoma kwenye matangazo ya Jumapili, ziwe za wagonjwa, wajane na wafiwa, ili mjukuu wa mtu yeyote ajue siku ya kukukuta bila kutumwa mara tatu. Katika alasiri hizo, na Jumapili yote hadi jua litue, simu ikae kwa mama watoto, ambaye bila shaka anazijua bei kuliko unavyodhani. Makundi manne kati ya yale sita ujitoe. Huna haja ya kuijua bei ya mawese ya Beni na ya Kasindi mara sita kwa siku. Utapoteza fedha kiasi fulani kwa mpango huu. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa na kudhani kwamba ushauri wangu ulikuwa mbaya.

Martha alipolalamika, Bwana alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, lakini kinatakiwa kitu kimoja tu. Huwa tunamsema vibaya mama yule. Alikuwa anapika, na mgeni alikuwa Yesu. Mambo yanayotutoa kwenye wito mara nyingi yanafanana na chungu cha Martha, ni mambo yanayostahili kufanywa na mtu, na ndiyo sababu mtu hawezi kuyaungama, maana hayana sura ya dhambi.

Njia za panya ni habari nyingine. Zile zina sura ya dhambi na wewe unajua, ndiyo maana ulipata mafua. Acha leo. Peleka mzigo kwenye forodha mchana, na kama hesabu haikubali faida baada ya ushuru, basi biashara hiyo haina faida, ina wizi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Wewe anza na mara moja, piga hesabu ya ushuru wa safari zile mbili uende ukaulipe, kisha uiombe Jumapili nyingine uhubiri somo lile. Nadhani yatakuwa mahubiri yako mazuri kuliko yote ya mwaka huu.

Kuhusu posho, kamati ya kanisa lako ina kosa na lazima iambiwe, lakini si kwa manung'uniko ya pembeni. Andika daftari. Upande mmoja andika miezi kumi na ile mara nne ulizopewa shilingi 60,000, upande wa pili andika kazi: ibada ngapi, maziko mangapi, darasa ngapi, na pia ziara ulizoshindwa kufanya, pamoja na ile ya bibi. Mwombe mchungaji wa parokia awepo. Waumini wengi hawajui kabisa kwamba mwalimu wao hulipwa mara nne katika miezi kumi. Wanakuona umevaa vizuri, na sasa wanaona madumu, wanadhani mambo yako ni shwari. Pendekeza kwamba sehemu inayojulikana ya sadaka ya mavuno iende kwa mwalimu, na kama kanisa lina kipande cha ardhi, mwalimu apewe mahali pa kulima, na vijana wamsaidie kupalilia kwa zamu. Usipeleke vitisho vya Dubai mezani. Peleka daftari tu.

Katika kikao hicho hicho omba wasaidizi wawili. Umeniambia kwamba robo ya waumini wako wamevuka kutoka Congo, na siwezi kuamini kwamba miongoni mwa watu wote hao hakuna hata mama mmoja aliyekuwa akiongoza maombi au akifundisha watoto huko alikotoka, naye kwa miaka hii amekaa kwenye benchi la nyuma kama mgeni akisubiri aulizwe. Muulize. Mwachie somo la Kiswahili na wagonjwa wa upande wake.

Nilisema nitairudia habari ya uchovu. Mtu anayelala saa saba za usiku na kuamka saa kumi na moja, mwaka baada ya mwaka, akiwa amebeba maziko yale uliyoyabeba, hawezi kujua sauti ya Mungu na sauti ya usingizi zinatofautiana wapi. Elia alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumkemea wala hakumkumbusha ushindi wa Karmeli, alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili akamwambia, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Usiamue jambo lolote kuhusu wito wako kabla hujalala vizuri kwa majuma matatu mfululizo, majuma yale yale waliyokuombea wazee mwaka 2014. Na habari ya sauti kukatika kaburini, umwambie mchungaji wako ana kwa ana. Nina hisia kwamba hujawahi kumwambia mtu, na msiba wa namna ile haumalizwi na mtu mmoja peke yake.

Imebaki Dubai. Mkristo kwenda kufanya kazi ya ulinzi ughaibuni si uasi, na wapo Waganda wengi waaminifu wanaoomba Mungu katika vyumba vya watu wanane huko. Ningekuwa najua kwamba familia yako inakufa njaa, ningekwambia uende na ningekuombea. Lakini karo imelipwa. Jiulize ukiwa peke yako: kama ada zote za watoto zingekuwa zimekwisha kulipwa hadi mwisho wa masomo yao, ungetamani bado kuondoka? Ukijibu kwamba ungetamani, basi si fedha inayokupeleka, ni nyumba ile ya bibi unayoikimbia, na Dubai si mbali vya kutosha. Jadili hilo na mkeo kwa utulivu, maana yeye naye ana haki ya kusikilizwa, na huenda anasema uende kwa sababu anakuona umekwisha kuondoka kitandani hadi usiku wa manane. Kwa vyovyote vile, kiwanja usiuze. Wakala yeyote anayepeleka watu nje anapaswa kuwa na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii; mwambie mdogo wako aende wizarani akalitafute jina la huyo wakala kabla shilingi moja haijatoka, na wakala akianza kuwaharakisha, mmekwisha kupata jibu.

Yote haya yanaweza kungoja kikao na usingizi, isipokuwa moja. Kwa Mungu umekwisha kuungama, naona barua yenyewe ni maungamo, lakini nyumba ile haijasikia kitu. Nenda Jumamosi hii asubuhi, kabla madumu hayajavuka daraja. Usiende na mahubiri, wala usiende na dumu la mafuta kama fidia. Mtafute yule mjukuu, mwite kwa jina lake, umwambie mbele ya wakubwa wake kwamba alikuita mara tatu na hukuja, na kwamba ulikosea. Kisha mwombe akuonyeshe bibi alipolala, na akikubali, msome pamoja ile zaburi uliyoisoma huku ukihesabu, uisome polepole, simu ikiwa nyumbani.